Morgan wa Gazetini

Brynhir, Ohio
12 Mei 1884

Kwako mdogo wangu Ithel,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo. Beti wangu ameota jino la kwanza na ameshalijaribu kwenye sikio la paka. Mume wangu Tomos anakusalimu, amesimama nyuma yangu ananihimiza niandike haraka kabla wino haujakauka. Baba aliungua kidogo mkononi kule tanuruni, cheche tu. Nimempaka mafuta ya bata na amenikaripia kwamba nimetumia mengi mno, kwa hiyo najua amepona.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ithel, umeuteka mji! Kila jioni gazeti la Cleveland likifika, Morgan Maziwa anapanda juu ya kreti mbele ya duka lake, analisoma kwa Kiingereza, halafu anawatafsiria wazee kwa Kiwelisi chetu cha Wales. Akifika kwenye jina lako anapandisha sauti utadhani ni Zaburi. Gazeti linaandika "Morgan, mrushaji" basi, halitaji jina la kwanza, lakini nani asiyejua? Hapa kwetu akina Morgan ni wengi hadi kila mmoja tumempachika jina la kazi yake au la kilema chake. Kwenye klabu ya besiboli ya Cleveland Morgan ni mmoja tu, na ni wetu.

Unakumbuka siku ulipoondoka Baba alivyosema? "Mwanamume halipwi kwa kucheza. Akilipwa, kuna mtu anaibiwa." Basi msikie mtu huyo huyo. Kutoka kiwandani hadi nyumbani ni kushuka kilima tu. Siku hizi anazunguka kwa Morgan Maziwa, ambako ni kupanda, na magoti yake unayajua. Anasimama nyuma kabisa na kujifanya anakagua bei ya siagi. Juzi Morgan Maziwa alimwita, "Mzee Jabez, mwanao amewafunga tena!" Baba akajibu, "Siagi yako imepanda." Lakini njiani alikuwa anaimba.

Kwa nini huandiki? Mkono wako una kazi nyingi, najua, lakini kalamu si nzito kama mpira.

Dada yako,
Marged

*

Cleveland
26 Mei 1884

Dada mpenzi,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara kadhaa. Nashukuru kusikia kwamba wote ni wazima, na poleni kwa mkono wa Baba. Mwambie asitumbue malengelenge. Beti mbusu, paka mpe pole.

Mimi sijambo. Nakaa bado kwa Bi Oehler, mjane wa Kijerumani ambaye hajui chakula kingine zaidi ya kabichi iliyochacha. Jumatatu anaipika na nyama ya nguruwe, Jumanne anaipika na harufu ya nyama ya nguruwe. Mvua imenyesha sana mwezi huu. Ziwa lina rangi ya bati.

Soksi ulizonifumia zimenitosha. Sina mengine.

Mdogo wako,
Ithel

*

Brynhir
9 Juni 1884

Ithel,

Salamu, na Beti sasa ana meno mawili. Nyanya Siân wa jirani amezikwa Jumanne iliyopita, na tuliimba hadi madirisha yakatetemeka, ungependa. Tomos amepandishwa, sasa ni msaidizi wa kwanza kwenye tanuru la Baba.

Hebu nikuulize, mdogo wangu. Umeniandikia ukurasa mzima wa kabichi na hakuna hata neno moja la mchezo. Baba aliniomba nimsomee barua yako. Nilipomaliza akasema, "Soma tena, umeruka mahali." Nikamsomea tena. Akasema, "Hajivuni. Hiyo ameipata kwa mama yake." Na machozi yalimlenga, Ithel. Baba yetu!

Sasa hajifichi tena kwenye siagi. Anasimama mbele, anauliza maswali. Anataka kujua mliwafungaje wale wa Chicago, eti umewarushia mpira gani. Jumapili, alipokuwa amekaa kwenye Kiti Kikubwa chini ya mimbari pamoja na wazee wenzake wa kanisa, nilimwona anatutazama sisi waumini usoni kama mtu asiye na deni duniani. Tangu Mama afariki sikuwahi kumwona hivyo. Mwandikie basi neno moja la huo mchezo, unilipie uchovu wa kusoma kabichi mara mbili.

Marged

*

Cleveland
20 Juni 1884

Dada Marged,

Salamu kwa wote, na hongera kwa Tomos. Barua hii isome peke yako. Tafadhali kaa chini kwanza.

Morgan wa gazetini si mimi.

Klabu ina akina Morgan wawili. Huyo mwingine ni mtu wa Kentucky, mrefu kama mlingoti, tumbaku haimtoki shavuni hata akila. Hajui kama kuna nchi inaitwa Wales. Nilimuuliza babu zake walitoka wapi, akaniambia, "Kwenye ghala la mahindi." Yeye ndiye aliyewafunga Boston na Chicago. Mimi sijarusha mpira tangu Aprili.

Mwaka huu wameruhusu turushe mkono ukipita juu ya bega. Zamani ilikuwa marufuku. Nilitaka kuwaonyesha kwamba kijana wa tanuruni ana nguvu kuliko wote, nikarusha kwa nguvu zote asubuhi ya baridi, mwili haujapata moto. Kitu kikakatika begani, nikakisikia. Meneja, Bwana Purcell, alisema nipumzike, mkono utarudi. Haurudi, dada. Nywele nachana kwa mkono wa kushoto.

Na usifikiri kwamba nakaa tu. Desturi ya hizi klabu ni kwamba mchezaji asiyecheza siku hiyo anavaa sare yake na kusimama mlangoni kupokea tiketi. Kwa wenzangu ni zamu. Kwangu imekuwa kazi. Nasimama pale na fulana yenye jina la mji kifuani, watu wananipita, na vijana wa mtaani wananiita "Bawabu." "Bawabu, leo unarusha tiketi ngapi?" Nacheka nao. Nikishamaliza kucheka natamani ardhi inimeze.

Ningekuandikia tangu mwanzo. Nilishaanza barua. Halafu ikaja yako, na Baba anapanda kilima na magoti yale. Nikasema nitangoja bega lipone, uongo ugeuke kweli wenyewe. Usimwambie Baba. Nakuomba kwa jina la Mama.

Ithel

*

Brynhir
30 Juni 1884

Ithel,

Hatujambo. Leo sina salamu nyingi.

Nimelia, kisha nimekasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo ukiona kalamu imetoboa karatasi ujue ni hasira. Sikasiriki kwa sababu ya bega lako. Bega ni bega, Baba mwenyewe ana magoti. Nakasirika kwa kuwa kila jioni mwanamume mzima wa miaka sitini anapandishwa kilima kumshangilia mtu wa Kentucky, na wewe unajua, na sasa umenifanya na mimi nijue.

Jana alinishika mkono pale dukani akaniambia, "Umesikia, Marged? Tena!" Nikamwambia, "Nimesikia, Baba." Unaona umenifikisha wapi? Sijasema uongo, lakini sikulala vizuri.

Sitamwambia, maana si langu kusema. Mwandikie wewe, kwa mkono wowote ule. Mwanamume aliyewahi kumwona mwenzake akiungua hadi mfupa hawezi kuanguka kwa sababu mtoto wake anapokea tiketi. Ila akisikia kwa watu baki, hapo sijui.

Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na Morgan Maziwa ana ndugu huko Cleveland.

Marged

*

Brynhir
16 Julai 1884

Ithel, Ithel,

Hujanijibu. Sasa soma haraka. Baba ameomba ruhusa kiwandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya isipokuwa siku ya kumzika Mama. Jumamosi hii anapanda garimoshi la alfajiri kuja Cleveland kukuona ukirusha. Amepiga pasi suti ya kanisani mwenyewe, hakutaka niiguse. Amenikataza kukuambia, anataka kukushtukiza.

Mpokee kituoni! Mwambie hapo hapo, kabla hajafika uwanjani, kabla hajasema neno kwa mtu. Mnunulie chai na mkate, mkae chini, umwambie. Barua hii naipeleka posta kwa miguu yangu.

Marged

*

Brynhir
28 Julai 1884

Mdogo wangu,

Barua yangu ya mwisho imerudi. Juu yake Bi Oehler ameandika kwamba ulihama mwanzoni mwa mwezi. Hukutuambia. Hii naituma uwanjani, na naomba Mungu ikukute.

Beti anaumwa masikio lakini ananyonya. Wengine wazima.

Baba alirudi Jumamosi ile usiku akalala bila kula, na Jumapili hakutoka nyumbani. Jumatatu iliyofuata, wanaume walipotoka kiwandani, duka zima lilikuwa linamngoja. Morgan Maziwa akamuuliza, "Haya, mzee, lete habari! Alirusha?"

"Alirusha," Baba akasema.

"Alishinda?"

"Alishinda."

"Alikuonaje? Alifurahi?"

Baba akasema, "Nipe maziwa, nina haraka." Wakamnyanyua mabegani wakaimba naye hadi mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa kizingitini na mtoto. Nilimwona uso, Ithel. Mtu anayebebwa kwa furaha hafumbi macho vile.

Nikajua amekuona. Baba hajawahi kusema uongo. Mama alikuwa akimtania kwamba hata mgeni akiuliza kama supu ni tamu, anafikiri kwanza.

Jana kanisani hakwenda kwenye Kiti Kikubwa. Watu walikuwa wameshasimama kwa wimbo wa kwanza, na nafasi yake pale chini ya mimbari iko wazi, kila mtu anaitazama. Baba alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye benchi la wanaochelewa na walevi wanaotubu. Mchungaji Rowlands akamfuata baada ya ibada. Baba akamwambia, "Mgongo unauma, kule mbele benchi ni gumu." Benchi la nyuma ni gumu kuliko yote, halina hata mgongo.

Wazee wanataka maelezo. Alhamisi ya wiki ijayo, kwenye mkutano ule ambapo kila mmoja husimama kueleza hali ya nafsi yake, watamuuliza mbele ya wote. Asipojibu watamwondoa kwenye uzee wa kanisa. Namjua, hatajibu. Ataondolewa kabla hajakutaja.

Kulitokea nini pale mlangoni?

Marged

*

Cleveland
7 Agosti 1884

Dada yangu,

Barua imenifikia jana tu, ilikuwa imekaa kwenye sanduku la glavu. Leo ndiyo Alhamisi yenyewe, na mimi niko hapa. Naona haya hata kukusalimu, lakini nakusalimu, na Beti Mungu amponye.

Nilihama kwa Bi Oehler kwa sababu wenzangu watatu walikuwa wakikaa mtaa ule na kila asubuhi waliniuliza habari za bega.

Umeuliza kilichotokea. Nimejaribu kukiandika mara nyingi nikaishia kwenye tarehe.

Watu walikuwa wengi siku hiyo. Nilikuwa natazama mikono tu, maana ukitazama mikono huwaoni wanaokutazama. Tiketi, tiketi, tiketi. Kisha nikauona mkono wenye kovu la cheche. Marged, ningeujua mkono ule hata gizani. Niliinua macho hadi kwenye vifungo vya ile suti, nikaishia hapo. Nikashusha kofia. Nikachukua tiketi yake.

Nikamwambia ninalomwambia kila mzee anayesita mlangoni. Nikamwambia, "Pita, mzee, usizibe njia."

Baba yangu huyo. Aliyenibeba mgongoni hadi kanisani wakati wa theluji.

Halafu akasema, "Asante, kijana," kwa Kiingereza. Tangu nizaliwe hajawahi kunisemesha Kiingereza. Akapita.

Mchezo wote alikuwa ndani na mimi niko mlangoni, ukuta wa mbao tu kati yetu. Ningeweza kwenda kumtafuta. Watu walipoanza kutoka, nilijificha kwenye kibanda cha vifaa, nikakaa juu ya magunia ya chokaa hadi kelele zikaisha. Nikatoka nikakuta uwanja mtupu.

Najua ile "kijana" maana yake nini. Amenikana, na ana haki, maana mimi nilimkana kwanza. Halafu akaenda kusema uongo kwa ajili yangu, mtu yule, na sasa hivi wanamuuliza na yeye amenyamaza. Nimekaa hapa nasikia saa ya mnara inalia, na sijui niende wapi na aibu hii. Nikija kusimama kanisani niseme kweli, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya watu wake. Nikinyamaza, anabeba peke yake. Niambie, dada. Wewe ulikuwa na akili kunishinda tangu zamani.

Ithel

*

Brynhir
8 Agosti 1884

Kwa Ithel, mdogo wangu,

Sijui kama umepata ile ya Julai. Naandika bila kungoja jibu. Beti amepona masikio.

Mkutano ulikuwa jana. Kanisa lilijaa hadi wasichana wakakaa ngazini. Mchungaji Rowlands aliuliza kwa upole, "Ndugu Jabez, kuna jambo linalokutoa kwenye kiti chako?" Nilijua atanyamaza. Sikujua chochote, Ithel.

Alisimama kule nyuma. Nakuandikia maneno yake, na kama nimekosea ni kwa sababu nilikuwa nalia.

Alisema, "Niliwaambia mwanangu alirusha na akashinda. Ni uongo. Mwanangu ameumia bega, nimeambiwa kule uwanjani. Yuko mlangoni, anapokea tiketi, na kazi yake anaifanya vizuri, hakuna aliyepita bila kulipa."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Baba akamngoja amalize.

Akasema, "Huo ni uongo mmoja, na Mungu akipenda atanisamehe. Kilichonitoa kwenye kiti ni kingine. Ndani ya garimoshi nilijisifu kwa watu nisiowajua. Niliwaambia, mwanangu ndiye mrushaji, njooni mumwone. Walikuja nyuma yangu kwenye foleni. Nikamwona mtoto wangu kwa mbali, nikamjua kabla hajaniona. Nilikuwa na muda wa kumwita. Kila hatua nilisema, sasa nitamwita. Lakini wale watu walikuwa nyuma yangu, nikaona haya. Nilipofika mbele yake alikuwa ameinamisha kichwa, hakuwa amenitambua. Nikampa tiketi na kumwambia 'asante, kijana' kwa lugha ya mtu baki, ili wale wasijue kwamba ni wangu."

Akasema, "Nina mtoto mmoja wa kiume, na nilimpita."

Akakaa. Morgan Maziwa alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Mchungaji akaomba mikono inyooshwe kwa wanaotaka Jabez arudi kitini, na ikanyooka yote, hata ya aliyecheka. Baba akatikisa kichwa. Akasema hatakaa pale mbele hadi Ithel mwenyewe aje amwambie kwamba amemsamehe.

Basi anangoja. Kwenye benchi la nyuma, bila mgongo.

Dada yako,
Marged

*

Cleveland
11 Agosti 1884

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ukiipata, usimsomee. Ichome, au ifiche, lakini asisikie kwa mdomo wako.

Anasema sikumtambua. Anaungama mbele ya kanisa zima kwamba alinipita, na mimi ndiye niliyemwambia apite, asizibe njia. Anangoja nimsamehe! Marged, nimesoma mstari ule nikaweka karatasi chini na kutoka nje bila kofia, nikazunguka uwanja hadi Morgan wa Kentucky akaniuliza kama nimefiwa.

Nimemrudishia Bwana Purcell sare. Tomos aulize kama kuna kazi tanuruni ya mtu mwenye mkono mmoja mzuri, na kama haipo, nitafagia.

Nafika Jumamosi jioni. Msije kunipokea kituoni. Wewe mkalishe Baba mezani, mpe supu yake, kisha uchukue mtoto ukae jikoni. Nitamwambia kwamba nilimjua kwa mkono wake. Hatataka kuamini, atasema namwonea huruma, itabidi nimwambie zaidi ya mara moja.

Ukinisikia nimenyamaza muda mrefu mle ndani, usiingie kunisaidia.

Ithel